Siku za Jua Kali Katika Kitalu cha Tunduma

Mtu aliyepita Tunduma akiwa ndani ya basi, akiulizwa ameona nini huko, hujibu: "Malori." Wala hakusema uwongo. Mji huu umekaa juu ya mpaka wa Tanzania na Zambia, na njia kuu itokayo Dar es Salaam hupita katikati yake kwenda Nakonde, upande wa pili, na kutoka huko huendelea hata Lusaka na nchi ya shaba ya Kongo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, nayo hupita hapo hapo. Mwaka 2019 nchi hizi mbili zilifungua kituo cha pamoja cha mpakani ili msafiri asikaguliwe mara mbili. Walakini malori hayakupungua, na vumbi lao siku za kiangazi hukaa juu ya mabati ya nyumba kama unga juu ya sinia.

Sisi pia kwa miaka mingi tulikuwa katika hao wajibuo "malori." Hata ilipofika Oktoba ya mwaka 2024, Mwenyezi Mungu akatujaalia kukaa huko majuma matatu, si mjini, bali katika kitalu cha miche kilicho mbali kidogo na mji, kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yetu. Khabari za siku hizo ndizo tupendazo kuwasimulia wasomaji wetu, khasa vijana, ambao wengi wao humaliza darasa la saba mwezi wa Septemba kisha hukaa hadi Januari wakihesabu siku.

Kijana aliyetupeleka huko ni mtoto wa dada yetu, mwenye umri wa miaka 14. Alikuwa amekwisha fanya mtihani wake, na mama yake alichoka kumwona akilala hadi adhuhuri na kukesha na simu. Akatuambia, "Kaka, mtafutieni kazi yenye kivuli." Tukakumbuka kitalu. Naam, kivuli kilikuwapo. Lakini kilikuwa cha miche, si cha wafanyao kazi.

Mkoa wa Songwe ni mkoa mchanga. Ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wakazi wake wamepita milioni 1.3. Atokaye Mbeya kwa basi huingia kwanza katika nchi ya Mbozi, nchi ya Wanyiha, penye mashamba ya kahawa na mahindi. Hupita Mlowo na Vwawa, kisha hushika njia ya Tunduma na Momba, nchi ya Wanyamwanga. Jumla ya mwendo ni kiasi cha kilomita 100. Karibu na njia hiyo, katika kilima cha Marengi, ndipo kilipo kile kimondo mashuhuri, jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni zamani ambazo hakuna azijuaye. Kijana wetu alitaka tushuke tukalitazame. Tulimwahidi kwamba tutalitazama wakati wa kurudi, na ahadi hiyo, twakiri, bado iko shingoni mwetu.

Watu wa pwani wakisikia tukinena khabari ya joto la Tunduma huenda wakacheka. Mji uko juu, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku, hata katika Oktoba, mtu hujifunika blanketi. Hapana lile joto la Tanga au Unguja, lenye jasho lisilokauka. Joto la huku ni la jua lenyewe. Mvua ya nchi hii ni ya msimu mmoja, huanza kiasi cha Novemba na hukoma Aprili. Kwa hiyo Oktoba ni mwisho wa miezi sita ya ukavu. Majani ya milimani yamekwisha kuwa rangi ya mkate, upepo hauna unyevu, na midomo hupasuka. Atakaye joto la kweli na ashuke bonde la Rukwa, Kamsamba na sehemu zake, kunakolimwa mpunga.

Tena liko jambo moja ambalo mzee alituonyesha, nasi tulikuwa hatujapata kulifikiri. Katikati ya Oktoba jua hupita juu kabisa ya Tunduma. Siku hizo, wakati wa kupinduka jua, kiasi cha saa sita u nusu kwa saa zetu, ukisimamisha fimbo huoni kivuli chake. Mti hauna kivuli cha kando. Kivuli chake kimejikunja chini yake kama paka. Mzee alikuwa na kijiti alichokisimika karibu na mlango, ambacho kwacho alijua wakati wa Adhuhuri na Alasiri tangu zamani kabla ya simu, na kijana wetu akakipenda mno. Kila siku alikwenda kukitazama. Nayo ilikuwa na faida yake mpakani, kwa sababu saa za Nakonde ziko nyuma ya saa zetu kwa saa moja kamili. Wafanyao biashara pande zote mbili, wakiagana, hulazimika kusema ni saa ya huku au ya kule. Kijiti cha mzee hakikujua mpaka.

Sasa tuingie kitaluni. Kiko mteremkoni, penye kibonde chembamba chenye chemchemi. Upande wa upepo imepandwa safu ya migrivea. Chini yake ziko sehemu tatu: ya kahawa, iliyo kubwa, ya miparachichi, na ya miti ya mbao, yaani misindano na mikaratusi. Miche ya kahawa imewekwa katika viriba vyeusi vya nailoni vilivyopangwa safu kwa safu, na juu yake pana dari ya nyasi iliyoegemezwa juu ya fito za mianzi, kimo cha mtu. Siku hizi wengi hutumia nyavu za kivuli za dukani, nazo ni nzuri. Lakini mzee husema nyasi zina hekima ambayo wavu hauna, maana nyasi huweza kupunguzwa. Mche ukikaribia siku ya kwenda shambani, yeye huchomoa nyasi shada moja leo, shada moja keshokutwa, jua likauingia kidogo kidogo, na maji nayo hupunguzwa, hata mche ukawa umezoea ukali wa dunia kabla ya kutoka nyumbani. Mche uliotolewa kivulini ghafula ukapandwa juani huungua majani kwa siku mbili tatu.

Kahawa ya Mbozi ni ya aina ya arabika, na maadui zake wakubwa wawili wanajulikana na kila mkulima: chulebuni, ugonjwa uozeshao matunda yakiwa mabichi, na kutu ya majani. Huko Mbimba, katika Mbozi, liko tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001, na kazi yake kubwa imekuwa kutoa aina za kahawa zinazostahimili magonjwa hayo mawili. Aina hizo ni chotara. Na chotara, kama wajuavyo wafugaji wa kuku, watoto wake hawafanani naye. Mtu akiokota matunda ya mbuni wa jirani akayapanda, hatapata mbuni ule ule. Ndiyo sababu miti hiyo huzalishwa kwa vipandikizi vinavyokatwa katika bustani mama, au kwa mbegu zilizochavushwa kwa mkono. Mbegu ya namna hii haiokotwi njiani. Mzee alikuwa na mfuko mdogo tu mwaka huo, na aliuhifadhi chumbani mwake pamoja na hati ya kiwanja.

Katika miparachichi hatukuruhusiwa kugusa. Kazi hiyo ni ya mwana mkubwa wa mzee. Mche hutoka katika kokwa la parachichi la kienyeji, lenye mizizi imara. Ukifika unene wa penseli hukatwa kichwa, ukapasuliwa kidogo, na kijiti cha parachichi aina ya Hass, lile litakiwalo ng'ambo, kikachongwa na kutiwa katika mpasuko, kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni. Kisu chake hakikatiwi kitu kingine, hata uzi. Tulimtazama asubuhi moja nzima, na tukaona kwamba anashusha pumzi kila anapofunga.

Siku yetu ilikuwa hivi. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla jua halijachomoza, tulimwagilia. Saa mbili hadi saa nne tulijaza viriba: udongo wa juu uliochekechwa, samadi iliyooza vizuri, na mchanga kidogo ili maji yapite. Saa nne u nusu kazi za juani hukoma. Huu ulikuwa mwiko wa nyumba. Kuanzia hapo hadi Alasiri watu walikaa barazani, wakala, wakalala, wakasoma. Na bibi wa nyumba, aliyekuwa na bustani yake ya mboga nyuma ya jiko, alihakikisha kwamba kijana amekunywa maji kabla ya kulala, atake asitake. Baada ya Alasiri tulimwagilia mara ya pili, tukang'oa magugu, tukatazama wadudu chini ya majani. Maji hayamwagwi juani. Yakimwagwa mchana nusu yake huenda hewani, na udongo wa kiriba hugeuka uji wa moto. Ujira ulilipwa kila Alhamisi jioni, mkononi, mbele ya wote, na kijana wetu alilipwa sawa na kijana mwingine aliyekuwapo, pasipo kuangaliwa kuwa yeye ni mgeni wa nyumba.

Jambo la maji twataka kulieleza zaidi, kwa sababu ndilo lililotutia haya siku ya kwanza. Tunduma ina watu zaidi ya 200,000, na shida ya maji huko ni ya siku nyingi. Mwisho wa kiangazi ndipo inapozidi. Asubuhi ile tulipoteremka kibondeni na makopo yetu yenye matundu, tuliwakuta wanawake na watoto wamekwisha panga ndoo zao kwenye chemchemi, pengine thelathini, pengine zaidi. Chemchemi imo ndani ya kiwanja cha mzee. Mama mmoja alitutazama, akatazama makopo, asiseme kitu. Nasi tulijiuliza, je, yafaa kuinywesha kahawa wakati mtu hana maji ya kupikia uji?

Kumbe mzee alikwisha kulijibu swali hilo miaka mingi kabla yetu. Amechimba shimo kubwa upande wa juu, akalitandika nailoni nene, na usiku, watu wakiisha kulala, maji yanayotiririka huongozwa kwa bomba hadi pipa lililo chini, na kutoka hapo hupandishwa kwa pampu ndogo hadi shimoni. Kitalu hunyweshwa kutoka shimoni tu. Kuanzia Alfajiri hadi saa tatu, na tena kuanzia saa kumi jioni hadi Magharibi, chemchemi ni ya majirani, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, na hapana alipaye senti. Waislamu katika nchi ile si wengi. Majirani zake wengi ni Wakristo, na mmoja wao ndiye aliyemsaidia kulaza bomba. Makopo yetu siku ile tulikuwa tumeyapeleka pasipostahili, kwa ujinga wa ugeni. Tulimwuliza mzee kama hajapata kushawishika kuuza maji hayo, maana mjini ndoo moja huuzwa. Akasema, "Nimeshawishika kila mwaka, mwanangu, mwezi wa kumi." Kisha akatukumbusha kisima cha Ruma kule Madina, ambacho Sayyidna Uthman r.a. alikinunua kwa mali yake akakiacha wakfu kwa watu, hali mwenyewe wa kwanza alikuwa akiuza maji yake.

Walakini shimo lina mwisho. Kuna siku mbili katika juma la pili maji yalipungua mno, mzee akaamua miti ya mbao isinyweshwe, kahawa inyweshwe mara moja tu. Misindano kadhaa ikafa. Mwanawe alinung'unika, akasema kwamba miche haina mdomo wa kuomba lakini ndiyo ilipayo ada ya shule ya wajukuu. Mzee hakumjibu. Nasi hatukujua nani mwenye haki zaidi, na hata sasa tukifikiri tunaona kwamba kijana yule hakusema upuuzi.

Sasa tufike kwenye lile lililotupata sisi wenyewe.

Mbegu ya kahawa huoteshwa kwanza katika tuta la mchanga. Hukaa chini kiasi cha miezi miwili. Kisha hujiinua juu ya ardhi ikiwa bado imebeba ganda lake kichwani, imesimama wima kama askari mwenye kofia. Siku chache baadaye ganda huanguka na majani mawili ya kwanza hufunguka. Wakati huo huo ndipo kichipukizi hutolewa mchangani na kutiwa katika kiriba. Kazi ni nyepesi kuitazama. Hutobolewa tundu katika udongo kwa kijiti, mzizi ukateremshwa ndani, kisha kichipukizi kikavutwa juu kidogo ili mzizi unyooke, na udongo ukabanwa kandokando. Mzizi ukiwa mrefu kuliko tundu, ncha yake hukatwa kwa ukucha. Ni hilo tu. Lakini asiyevuta juu, au asiyekata ncha, huuacha mzizi umejikunja mle ndani kama ndoana, na juu hakuna dalili yoyote.

Mzee alimwonyesha kijana mara moja, siku ya Jumatatu, akamwona akifanya vichipukizi kumi sawasawa, kisha akaenda mjini kwa shughuli za mpakani. Sisi tukabaki naye. Siku hiyo wingu lilikuwapo asubuhi, tukachelewa kuanza. Na wingu lilipoondoka, saa tatu u nusu, jua likatoka kama lililokuwa likitungoja. Vichipukizi vilikuwa vimekwisha ng'olewa, vimelazwa ndani ya beseni chini ya kitambaa chenye maji, navyo havikawii kunyauka. Tukamwambia, "Fanya upesi, mwanangu, jua linakuja." Tukasema tena. Sisi tulikuwa tukimletea viriba na kuvitoa, na tulijivuna tulipoona jinsi mikono yake ilivyokuwa myepesi. Kabla ya saa tano alikuwa amemaliza viriba 612. Tulivihesabu kwa furaha.

Siku ya tisa mzee alikuwa akipita katika safu hizo, akainama, akachukua kiriba kimoja, akakipasua kwa kidole. Hakusema neno. Akachukua cha pili mbali na cha kwanza, na cha tatu. Kisha akatuita, akatutandazia mizizi mitatu juu ya kiganja chake. Miwili ilikuwa ndoana.

Mwana mkubwa alikuwapo. Alisema, kwa adabu lakini kwa nguvu, kwamba miche yenyewe ni mizima. Kwamba wengine wanaouza miche njiani hawajui hata mzizi ni nini. Kwamba miti mingine yenye mizizi iliyokunjika huishi. Na kwamba mfuko wa mbegu umekwisha, hakuna wa kununulia mwingine mwaka huu. Kila alilosema lilikuwa kweli. Mbuni wenye mzizi wa ndoana hukua mwaka wa kwanza kama wenziwe. Mwaka wa pili vile vile. Huja kuonekana wa tatu au wa nne, mti ukiwa umebeba matunda na kiangazi kimekuwa kirefu. Hapo ndipo mzizi usiofika chini unaposhindwa, majani yakageuka manjano, na mkulima akalaumu mbolea, au udongo, au jicho la jirani. Hakuna hata mmoja atakayekumbuka kitalu.

Mwanawe akatoa shauri la pili: viuzwe kwa bei ndogo, na mnunuzi aambiwe. Hili tuliliona jema, tukalisema. Mzee akatuuliza, "Na huyo mliyemwambia akimpa shemeji yake nusu, atamwambia?" Tukanyamaza. Ilitujia akilini khabari ya Mtume s.a.w. alipopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la chakula, akakuta unyevu ndani hali juu ni kikavu, na jinsi alivyomkemea mwenye lundo. Tuliisoma khabari hiyo madrasa tukiwa wadogo, tukadhani ni ya wauza nafaka.

Viriba vyote vikafunguliwa, siku mbili mfululizo, jioni baada ya Alasiri. Kijana ndiye aliyefungua. Mzee alikaa kando yake juu ya kigoda, akapokea kila mzizi, akausema, "Huu," au, "Siyo." Miche 207 ilikuwa na mizizi iliyonyooka, ikarudishwa katika viriba. Iliyobaki, 405, ikaenda katika shimo la mboji. Kijana hakulia mbele yetu. Usiku wa kwanza hakula, na bibi wa nyumba akampelekea uji chumbani bila kutwambia.

Baada ya Isha usiku wa pili, mzee alimwita kijana barazani, akamsimulia khabari ya Salman Mfarisi r.a. Wasomaji wetu waijua: jinsi alivyokuwa mtumwa Madina, mali ya Myahudi wa kabila la Banu Quraydha, na jinsi alivyoandikiana na bwana wake kwamba atakuwa huru akimpandia mitende 300 na kumlipa wakia 40 za dhahabu. Mtume s.a.w. akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa kadiri alivyokuwa nayo. Salman akachimba mashimo. Kisha Mtume s.a.w. akaja mwenyewe, wakawa wakimpa mche mmoja mmoja, naye akaupanda kwa mkono wake. Na Salman mwenyewe amesimulia kwamba haukufa hata mmoja. Mzee hakuongeza tafsiri. Alimwuliza kijana tu, "Unadhani alivipanda kwa muda gani?" Kijana akafikiri, akajibu, "Hawakusema." Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu siku mbili.

Ilibaki khabari ya hasara. Tulimwendea mzee faraghani tukamwambia kwamba kosa ni letu. Mtoto alikuwa ameonyeshwa, lakini sisi ndio tuliomharakisha, na tuko tayari kulipa thamani ya miche yote. Hakukataa kwa kujionyesha, wala hakukubali yote. Akasema kwamba yeye naye alikosa, maana alimwachia mtoto kazi ya mzizi siku ya kwanza, akaenda mjini, basi tugawane. Tukalipa nusu ya bei ya mbegu na viriba. Ujira wa kijana wa siku ile hakuukata, akasema siku aliyoitumikia ni siku aliyoitumikia. Mwanawe aliona ni kinyume, kwamba angekatwa japo kidogo ili akumbuke. Tulivyomtazama kijana alipoendelea na kazi juma la tatu, akivuta kila kichipukizi juu taratibu, akikitazama kwa upande, na kukitazama tena, hatukuona haja ya kumkumbusha.

Sisi tuliondoka mwanzo wa Novemba. Kijana alibaki, kwa hiari yake, hadi mvua zilipoanza. Dada yetu alipiga simu mara nyingi kutaka kujua kama anakula. Mwezi wa Desemba, ardhi ilipolowa vya kutosha, wakulima walikuja na pikipiki na magari madogo kuchukua miche ya mwaka uliotangulia, ile iliyokwisha zoezwa jua, na kwa siku tatu hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu kitaluni. Kijana alikuwa akihesabu na kuandika daftari. Matokeo yake ya mtihani yalikuwa yametoka. Amepata kuchaguliwa kwenda sekondari, na sasa yuko huko.

Mzee alitupigia simu mara moja baada ya hapo, kutujulisha kwamba miche ile 207 imekwisha toa jozi nne za majani. Akatuambia na jambo ambalo kijana hakutuambia. Siku ile ya pili ya kufungua viriba, kijana alimwomba mche mmoja katika ile iliyotupwa, wenye mzizi uliokunjika kuliko yote, akaupanda karibu na kile kijiti cha kivuli, akaahidi kwamba hautauzwa wala kugawiwa mtu. Alitaka kujua utakufa mwaka gani. Kila likizo huuliza khabari zake. Hadi tunapoandika haya, mzee asema, ungali kijani.